Kupanga bei ya masomo ya mtandaoni bila kujipunja

Usianze kwa kuchungulia bei za walimu wengine. Anza na muda wako.

Hatua ya 1: Pima somo moja. Kwa wiki mbili, andika kila dakika inayokwenda: maandalizi 20, kufundisha 60, kusahihisha na kujibu jumbe za wazazi 10. Hiyo "saa moja" imekula dakika 90. Mwenye saa 30 za kazi kwa wiki basi ana masomo 20, si 30. Kwa wiki nne ni 80, na hayo yote hayatajaa; wanafunzi huugua, likizo huingia. Hesabu robo tatu: masomo 60.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya chini kabisa. Tuseme unataka kubaki na 1,200 kwa mwezi kwa sarafu yako, na gharama (intaneti, umeme, programu ya mikutano, kodi) ni 120. Gawanya 1,320 kwa 60, unapata 22.

Hatua ya 3: Weka kamisheni, yaani sehemu inayokatwa na jukwaa (tovuti inayokuunganisha na wanafunzi). Hapa ndipo wengi huliwa. Jukwaa likikata 20%, ukizidisha 22 kwa 1.2 unapata 26.40; wakishakata 5.28, unabaki na 21.12. Badala yake, gawanya 22 kwa 0.8: bei ni 27.50. Ile 0.88 (22 kutoa 21.12) inayopotea kila somo ukizidisha, kwa masomo 60 ni 52.80, karibu nusu ya gharama zako za mwezi.

Hatua ya 4: Sasa tazama soko. Likiwa chini ya bei yako, usishuke. Punguza maandalizi kwa kutumia tena mazoezi uliyokwisha kuandaa, au fungua darasa la kikundi. Wanne wakilipa 40% ya bei kila mmoja, unapata 160%. Wakibaki wawili ni 80%, hasara tupu, kwa hiyo tangaza mapema kwamba darasa haliendi bila watu watatu.

Hatua ya 5: Punguzo la kifurushi. Tuseme hakuna kamisheni ya jukwaa: ukikata 10% kwenye 22 unafundisha kwa 19.80. Panga kwanza bei ya somo moja kuwa 25, ndipo kifurushi cha masomo kumi kiwe 22.50 kwa somo, kilipwe kabla na kitumike ndani ya wiki 12.

Somo la majaribio lisizidi dakika 25. Anayeahirisha chini ya saa 24 kabla ya kipindi hulipa kamili. Mwandikie hilo kabla hajalipa mara ya kwanza, maana baadaye litakuwa ugomvi.