SOMO: Kuweka malengo ya ujuzi wa data yanayoweza kupimwa (soma yote kabla ya kuuliza)

Ndugu na dada wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na popote mlipo, jambo.

Swali ni lile lile kila mara: "Mukubwa, shefu anataka niandike malengo yangu ya mwaka upande wa data, niandike nini?" Halafu inafuata rasimu: "Kuboresha ujuzi wangu wa Excel." "Kuelewa vizuri uchambuzi wa data." Mwaka unapoisha hakuna anayeweza kusema kama lengo limefikiwa. Aliyejituma na aliyekaa tu wanapata alama moja. Jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu kwenye mashirika na zone za afya za huku mikataba ni mifupi, na mtu asiye na namba za kuonyesha kazi yake ni rahisi kuachwa. Basi naandika mara moja, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mifano yangu ni ya zone ya afya, na Excel ni ya Kifaransa kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine zetu nyingi. Wewe wa AVEC (vikundi vya kijiji vya kuweka akiba na kukopeshana), wa duka au wa mgodi, badilisha mifano, hatua ziache.

HATUA YA 1. Chagua kazi moja unayoirudia kila mwezi. "Excel" si kazi. Kuunganisha kanevasi (fomu za ripoti ya mwezi) za SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, za vituo vyote ni kazi. Kusafisha faili lililotoka KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa simu, ni kazi.

HATUA YA 2. Chukua faili la kweli la mwezi uliopita, tengeneza nakala, futa majina na namba za simu za watu.

HATUA YA 3. Pima uko wapi leo.

Hapa ndipo wengi wanaangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anaandika "nitapunguza makosa kwa nusu" na hajui ana makosa mangapi. Nusu ya nini? Mama anayeuza maharagwe soko la Kadutu anajua asubuhi amekuja na guigoz (makopo ya kupimia) ngapi. Asipojua, hesabu ya jioni haimwambii kitu.

Unahitaji namba tatu: dakika, makosa, na mara ngapi uliomba msaada. Dakika ni rahisi: washa saa ya simu unapofungua faili, izime unapolituma, umeme ukikatika, simamisha saa. Makosa ndiyo yanataka utaratibu. Tuseme faili lina mistari 200. Chagua mistari 20, na kwa kila mstari linganisha safu 10 na karatasi. Hizo ni seli 200. Ukikuta 8 haziendani na karatasi, uko kwenye asilimia 4. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia, iandike na tarehe yake.

Sasa maonyo, na tafadhali usiyaruke.

Usichukue mistari 20 ya kwanza. Ile uliingiza asubuhi ukiwa na nguvu. Makosa mengi yamejificha chini, saa ulipokuwa umechoka. Acha mashine ichague: =ALEA.ENTRE.BORNES(2;201), ikiwa mstari wa 1 ni vichwa vya safu. Namba ikijirudia, vuta nyingine. Kisha zinakili na uzibandike kama "valeurs" (namba tupu bila fomula). Fomula hii inavuta namba mpya kila unapobadilisha seli yoyote. Usipobandika, baada ya muda mfupi sampuli yako imekuwa nyingine na hujui tena ulihakiki nini.

Aliyeingiza data asijihakiki mwenyewe. Jicho lililosoma 17 badala ya 71 mara ya kwanza litasoma 17 tena.

Seli tupu wakati karatasi ina namba ni kosa. Sifuri pale ambapo kituo hakikutuma ripoti pia ni kosa, tena kubwa zaidi. Sifuri inasema hakuna mtoto aliyechanjwa. Seli tupu inasema hatujui. Mtu wa juu anayegawa chanjo anazisoma tofauti kabisa.

Na ukikuta makosa 0 kwenye seli 200, usiandike kwamba faili halina kosa. Watu wa takwimu wana kanuni nyepesi: gawanya 3 kwa idadi uliyohakiki. 3 kwa 200 ni asilimia 1.5. Yaani makosa ya kweli yanaweza kufika karibu hapo na sampuli yako isiyaone. Ukitaka kusema zaidi, hakiki seli nyingi zaidi.

HATUA YA 4. Andika lengo kwa sentensi moja: nani, kazi gani, kutoka wapi hadi wapi, lini, na nani atahakiki. Mfano: "Mpaka tarehe 30 mwezi wa sita, mimi nitaunganisha kanevasi za zone kwa dakika 90 badala ya 240, makosa yasizidi asilimia 1 badala ya 4, nikiomba msaada si zaidi ya mara moja; msimamizi wa SNIS atahakiki seli 400 kwenye faili ambalo sijawahi kuliona." Ile kanuni ya SMART ya kuweka malengo tunayoimba kwenye semina ilichapishwa na George Doran mwaka 1981, na herufi ya tatu kwake (A, "assignable") ilidai lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa. Malengo mengi ninayoletewa yana tarehe, yana namba, hayana mtu. Cheti cha masomo kiweke kwenye safu ya "njia", kisikae kwenye safu ya lengo.

HATUA YA 5. Weka daima namba mbili zinazovutana. Ukipima dakika peke yake, watu wataharakisha na makosa yatapanda. Ukipima makosa peke yake, ripoti itakuwa safi na itachelewa. Charles Goodhart, mchumi Mwingereza, alionya tangu 1975 kwamba kipimo kikigeuzwa kuwa fimbo ya kuendeshea watu, kinaacha kupima vizuri. Nimeona timu inayosifiwa kwa ripoti kufika mapema, na ndani ya ripoti mwezi huu umenakiliwa kutoka mwezi uliopita. Kwa hiyo muda na makosa viende pamoja kwenye sentensi moja, kama nilivyofanya juu.

HATUA YA 6. Gawanya kwa wiki. Majina ya maeneo kwanza, yale yanayoandikwa kwa namna mbili (Cimpunda na Chimpunda, Nyalukemba na Nyarukemba), kisha RECHERCHEV (fomula ya kutafuta jina kwenye jedwali jingine na kuleta namba yake), kisha TCD (jedwali la muhtasari, tableau croisé dynamique), mwisho Power Query (chombo cha Excel cha kuunganisha na kusafisha mafaili). Kwenye RECHERCHEV andika FAUX mwishoni kila mara. Ukiiacha, Excel inatafuta kinachokaribiana, inakupa namba ya kituo kingine, na hailalamiki. Masomo ya video yapakue mega za intaneti zikiwa za bei nafuu. Usipange wiki yako juu ya intaneti.

HATUA YA 7. Pima tena kwa faili jingine. Lile la kwanza umeshalikariri.

MASWALI

Kijana_Bagira: Mukubwa naomba malengo matano tayari nikopie, shefu anayataka kesho asubuhi.

Jibu: Hatua ya 3. Usiku unatosha. Namba zangu haziwezi kuwa zako.

Dada_Nyawera: Aksanti sana kaka. Mimi nafuatilia vikundi vya AVEC. Kuingiza data sina shida tena, kazi yangu sasa ni kuchambua. Hapo nahesabu nini? Kufikiri kunapimwaje?

Jibu: Dada, swali hili nilikuwa nalisubiri. Kufikiri hatukuoni, tunaona majibu. Mwombe msimamizi wako achukue faili la miezi mitatu na aandike maswali matano. Manne ajue majibu yake. La tano liwe haliwezi kujibiwa kwa data iliyopo, na asikuambie ni lipi. Kila swali linapata alama ikiwa jibu ni sahihi na umeonyesha ni wangapi kati ya wangapi. Lile la tano linapata alama ukisema wazi kwamba data haitoshi na ukataja kinachokosekana.
Kwa nini nasisitiza "kati ya wangapi"? Kikundi kimoja, watu 4 walikopa, 3 wamerudisha: asilimia 75. Vikundi vyote vya kijiji pamoja, 140 kati ya 200: asilimia 70. Asiyeonyesha ile 4 na ile 200 atamwambia shefu kile kikundi ni cha mfano. Mtu mmoja tu akirudisha kesho, kinaruka hadi asilimia 100. Lengo lako liandike hivi: kutoka maswali 2 hadi 4 kati ya 5, kwa robo mbili mfululizo, faili tofauti kila mara.

Dada_Nyawera: Nimeelewa. Na nikijibu vizuri lakini kwa siku tatu?

Jibu: Umeshika hatua ya 5 vizuri sana. Weka muda pia. Nusu siku kwa maswali matano ni haki kwa kuanzia.

Encodeur_Himbi: Namba zote hizi za nini? Mimi nina cheti, kinatosha.

Jibu: Cheti kinaonyesha ulimaliza masomo. Sikidharau. Kama faili lako la mwezi huu liko safi, kulipima hakutakuchukulia muda mrefu, na utakuwa na vitu viwili vya kuonyesha badala ya kimoja. Soma mwisho wa hatua ya 4.

Mama_Kampemba: Jambo mwalimu, niko Lubumbashi. Wenzetu wa Kolwezi wananitumia CSV (faili la maandishi matupu ya jedwali) kutoka mashine yenye Excel ya Kiingereza. Nikifungua, kila kitu kinajaa safu moja, na tarehe nyingine zinageuka. Je, niyahesabu kama makosa yangu?

Jibu: Jambo mama. Hapana, yaweke kwenye safu yake, "makosa ya mashine", maana dawa yake ni tofauti. Excel yetu inatumia koma kwa desimali na inategemea nukta-mkato kutenganisha safu; faili lao linatenganisha kwa koma. Usilifungue kwa kubofya mara mbili. Nenda Données, kisha "À partir d'un fichier texte/CSV", chagua koma.
Tarehe ni hatari zaidi. Wao wakiandika mwezi kwanza, 04/13/2024 Excel yetu haiielewi, inabaki maandishi upande wa kushoto wa seli na unaiona. Lakini 03/04/2024 inakubaliwa kimya, na tarehe 4 mwezi wa tatu inakuwa tarehe 3 mwezi wa nne. Waombe watume mwaka-mwezi-siku, 2024-03-04. Hapo hakuna wa kuchanganya.
Na usidhani shida hizi ni zetu tu. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa Kovidi kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la aina ya zamani ya Excel, lenye kikomo cha mistari 65,536. Iliyozidi haikuingia. Kwa hiyo mama, ongeza kipimo kimoja: idadi ya mistari waliyotuma na idadi uliyopokea, kila mara.

Mama_Kampemba: Aksanti baba. Hilo la kuhesabu mistari hatujawahi kulifanya.

Yaya_Katindo: Naongeza kidogo. Kwenye Fichier, Options, Enregistrement, punguza dakika za kuhifadhi zifike 2. Kawaida ni 10, na umeme wetu hausubiri 10.

Jibu: Aksanti yaya. Wote fanyeni hivyo leo.

Fundi_Panzi: RECHERCHEV inanipa #N/A na majina yanafanana kabisa!!! Nimeweka FAUX kama ulivyosema.

Jibu: Hayafanani. Pima kwa NBCAR (inahesabu herufi) kila moja. Moja litakuwa na herufi zaidi.

Fundi_Panzi: Kweli, 9 na 10. Nimetumia SUPPRESPACE kufuta nafasi zilizozidi, bado ni 10.

Jibu: Basi ni ile nafasi inayotoka kwenye kurasa za intaneti, SUPPRESPACE haiiondoi. =SUBSTITUE(A2;CAR(160);"") itaiondoa, lakini ikiwa jina ni la maneno mawili weka nafasi ya kawaida katikati ya zile alama mbili za nukuu, kisha SUPPRESPACE juu yake. Umefanya vizuri kupima kabla ya kurudi.

Msimamizi_Ibanda: Nina watu sita. Nafikiri kubandika ukutani makosa ya kila mmoja ili wajitahidi. Unaonaje?

Jibu: Usifanye, tafadhali. Watakachojifunza ni kuficha makosa, na wewe utapoteza namba pekee za kweli ulizokuwa nazo. Bandika makosa ya timu nzima kwa aina: majina, seli tupu, tarehe. Ya mtu mmoja zungumza naye peke yake, ukiwa na karatasi na faili mezani.

Kijana_Bagira: Mukubwa nimerudi. Nimepima na mwenzangu amehakiki. Dakika 210, makosa 11 kwenye seli 200. Ni aibu?

Jibu: Si aibu hata kidogo, ni asilimia 5.5, na sasa una namba. Hayo 11 ni ya aina gani?

Kijana_Bagira: 7 ni majina ya maeneo ya afya, 3 seli tupu, 1 namba iliyogeuzwa.

Jibu: Basi dakika usiziguse kwanza. Kwenye safu ya eneo la afya weka orodha ya kuchagua (Données, Validation des données, Liste) ili jina lisiandikwe kwa mkono tena. Mwambie shefu hivi: kutoka makosa 11 hadi 4 kwenye seli 200 mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, dakika zisipande juu ya 210, mwenzako ndiye mhakiki. Ukifika hapo ndipo tutashughulikia muda. Mpelekee na karatasi ya leo.