Mkono umevimba baada ya piko: la kufanya

Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa, kesho yake ikakolea na kuwa hudhurungi. Piko ya kuchorea maua mikononi, inayotoka nyeusi tii kwa nusu saa, ni rangi ya nywele, na ndani yake mna PPD, kemikali ambayo ngozi ikishaikataa, huikataa maisha. Mara ya kwanza mwasho huweza kuchelewa hata wiki 2. Aliyekwisha kuwa na mzio humtoka ndani ya siku 1 hadi 3, pengine harusi yenyewe haijaisha.

Kwanza kagua. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Fumba macho, pitisha kidole juu ya ua: ukihisi mistari imeinuka kama tarizi ya kofia, ina joto na inawasha, ndiyo hiyo. Rangi yake huelekea zambarau au kijivu, kisha malengelenge hufuata shina na majani ya mchoro vilevile.

Pili, osha kwa maji mengi na sabuni isiyo na manukato. Usisugue kwa singo, ule msuguo wa mwili, wala limau. Rangi iliyokwisha kuingia haitoki, utajichubua tu. Na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nyinyi wa Pemba, yaacheni: yanaunguza.

Tatu, chovya kitambaa safi kwenye maji baridi, kiweke dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku. Malengelenge usiyatumbue. Pasipochubuka paka haidrokotisoni, krimu ya kutuliza mwasho, ya asilimia 1, nyembamba, mara 2 kwa siku, isizidi siku 7. Kiganjani ngozi ni nene, dawa hiyo huenda isifue dafu. Kali zaidi aandike daktari. Mwasho ukikunyima usingizi, mtu mzima anameza setirizini, kidonge cha mzio, ya mg 10 usiku. Mjamzito aulize kwanza.

Pumzi ikibana, au midomo na macho yakivimba, usingoje: hospitali hapo hapo, Mnazi Mmoja kwa Unguja, Chake Chake au Abdalla Mzee kwa Pemba. Usaha na homa, nenda siku hiyo hiyo.

Ua likipona huacha kivuli, cheusi au cheupe, kwa miezi. Paka mafuta ya mgando asubuhi na usiku, juani funika mikono. Mkorogo usiuguse, mara nyingi una zebaki au steroidi, na doa hurudi jeusi zaidi.

Saluni nako sema mapema. Rangi nyeusi ya nywele nyingi ni PPD ile ile, na safari hii kitakachovimba ni uso.