Kabla Hujamgombeza Mtoto wa Paka kwa Kujisaidia Nje ya Choo

Mtoto wa paka hahitaji kufundishwa kufukia kinyesi. Hilo anazaliwa nalo. Mpe mchanga laini, mahali patulivu na mwili usiouma, naye atachimba, atachuchumaa, atafukia. Kwa hiyo ukikuta mkojo kwenye zulia au kinyesi nyuma ya kochi, jiulize kwanza ni nini kinachomzuia. Adhabu iweke kando, haina kazi hapa. Mambo yafuatayo yapange kabla hajaingia nyumbani kwako, na kama ameshaingia, yakague leo hii.

Anza na umri. Kabla ya kutimiza wiki tatu hivi, mtoto wa paka hawezi kutoa haja mwenyewe. Mama humlamba chini ya mkia ndipo itoke. Aliyeokotwa akiwa mdogo kiasi hicho apanguswe taratibu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kunyonya. Kumwekea mchanga wakati huo ni kazi bure. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne ataanza kutafuta pa kuchimba, na hapo choo kiwe tayari. Kama una uwezo wa kuamua, mwache na mama yake mpaka wiki ya nane angalau, na zaidi ya hapo ni bora, kwa sababu mengi anayapata kwa kumfuata. Aliyetenganishwa mapema naye atajua, ila mpe muda.

Beseni la choo liwe na ukingo mfupi upande wa kuingilia, sentimita 5 hadi 7 hivi, maana miguu yake ni mifupi na hana subira ya kupanda ukuta akiwa amebanwa. Liwe na upana wa kumwezesha kujigeuza. Lisiwe na mfuniko kwa sasa. Idadi ya mabeseni ni idadi ya paka ukiongeza moja, hata kama ni mmoja tu, na nyumba ya ghorofa iwe na choo kila ghorofa. Kibofu chake ni kidogo. Ukimtaka atoke sebuleni, avuke korido na kushuka ngazi, atamalizia njiani.

Mchanga nao una mambo yake. Chagua wenye chembe ndogo na usio na manukato. Harufu ya maua imewekwa humo kwa ajili ya pua yako wewe, yeye inamkera. Mchanga unaoganda mabonge ukilowa usimpe akiwa bado mdogo. Subiri afikishe miezi minne hivi. Watoto wa paka huonja kila kitu, na mchanga ule ukifika tumboni hushikana na unaweza kuziba utumbo. Mpe usioganda, au punje za karatasi au za mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya paka. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Na unapokwenda kumchukua, uliza alikuwa akitumia mchanga gani, kisha omba konzi moja ya huo uliotumika uje nao. Ukiutia juu ya mchanga mpya, atajua choo chake kiko wapi bila wewe kumwambia lolote. Ukitaka kubadilisha aina, changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au zaidi, usimshtue kwa siku moja.

Mahali pa kuweka beseni: mbali na chakula na maji, mbali na mashine ya kufulia na chochote kinachoanza kunguruma ghafla, na mahali ambapo mbwa au watoto hawawezi kumzingira akakosa pa kutokea. Mlango wa chumba hicho usifungwe kamwe yeye akiwa nje yake. Inaonekana ni jambo dogo, lakini upepo ukiubamiza usiku, asubuhi lawama zinakwenda kwa paka.

Siku za mwanzo asiachiwe nyumba nzima. Mweke chumba kimoja kidogo, malazi na chakula upande mmoja, choo upande wa pili. Mpeleke kwenye beseni akiamka, akimaliza kula, na baada ya kucheza, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo haja humjia. Mweke humo umwache. Usimshike miguu ya mbele kumfanya achimbe. Atakachojifunza ni kwamba humo ndani hukamatwa. Akifaulu, msifu kwa sauti ya chini au mpe kipande cha chakula akishatoka. Ukiona siku kadhaa hakosei, mfungulie chumba kingine.

Kinyesi na mabonge ya mkojo yatolewe mara mbili kwa siku, isipungue mara moja. Mchanga usioganda umwagwe wote kila wiki, beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na likaushwe. Usafi huu ni wa kwako pia. Vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kutoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kumwambukiza mtu, kwa hiyo choo kinachosafishwa kila siku kinakukinga. Mwenye mimba amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Asipokuwepo, avae glavu na kunawa mikono vizuri.

Sasa nije kwenye afya, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nimeona kiumbe kikiteswa bila hatia.

Mdogo wangu alichukua mtoto wa paka, dume, ambaye mwanzoni alitumia choo vizuri kabisa. Baadaye akaanza kuacha kinyesi pembeni mwa beseni, kisha kwenye zulia, kisha juu ya kitanda cha watoto. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba ana kiburi. Akawa anakamatwa shingoni, anasukumwa pua kwenye kinyesi chake, halafu anabebwa hadi kwenye beseni na kushikiliwa humo kwa nguvu. Kila walivyozidisha, naye alizidisha. Nilipowatembelea nilimwona akiingia mwenyewe kwenye mchanga. Akachuchumaa, akajikamua, akalia kwa sauti nyembamba, kisha akatoka mbio kana kwamba mchanga umemuunguza. Nikaenda kuangalia alichokuwa amekiacha kwenye zulia asubuhi ile: vipande vidogo, vikavu, vigumu. Yule mtoto alikuwa amefunga choo. Kila alipojaribu ndani ya beseni alipata maumivu, na paka hajui kutofautisha utumbo wake na mahali aliposimama. Kwake yeye, kinachouma ni lile beseni, basi akaenda kujaribu kwingine.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo akakuta utumbo umejaa kinyesi kikavu. Chakula chake chote kilikuwa cha punje kavu, na maji alikuwa hayanywi vya kutosha. Alitundikiwa maji chini ya ngozi, akapewa dawa ya kulainisha choo, akabadilishiwa chakula kikawa cha majimaji. Tumbo likafunguka.

Wenyewe wakadhani yameisha, na wengi hudhani hivyo. Paka alipona, choo hakukitaka. Alilipitia beseni kwa mbali, akiligeuzia kichwa, akaendelea kwenye zulia. Ugonjwa ulikuwa umeondoka, woga umebaki, na woga ule ulikuwa na mizizi miwili: maumivu ya tumbo na mikono ya watu. Kumrudisha kwenye beseni lile lile kusingefaa kitu. Ilibidi liondolewe kabisa, lije jipya lenye umbo tofauti na lililo pana zaidi, mchanga wa aina nyingine ulio laini kuliko ule wa kwanza, na liwekwe kona ambayo hakuwahi kushikiliwa. La pili likawekwa pale pale juu ya zulia, mahali alipokuwa akipapenda. Watoto wakakatazwa kumsogelea akiwa humo. Kwanza alinusa tu na kuondoka. Kisha akaanza kukojoa humo; haja kubwa ilichelewa sana. Alipoizoea, beseni la kwenye zulia likasogezwa kidogo kidogo kila siku mpaka likafika ukutani. Lakini kwa muda mrefu, akisikia hatua za mtu nyuma yake, aliruka nje kabla hajamaliza. Hilo linaniuma mpaka leo, maana maumivu ya tumbo yalikuja yenyewe, hayo mengine aliletewa.

Ndiyo maana nasema kinyesi na mkojo vikaguliwe kabla ya kukaripia. Kikiwa kigumu na anajikamua, ni kufunga choo. Kikiwa cha majimaji, fikiria minyoo, vimelea wengine wa utumbo kama koksidia na giadia, chakula kilichobadilishwa ghafla, au maziwa ya ng'ombe. Maziwa hayo watu huwapa paka kwa upendo, na tumbo la paka wengi halina uwezo wa kuyasaga vizuri. Anayeharisha mara nyingine hafiki kwenye choo kwa sababu tu hawezi kujizuia, na anayekojoa matone matone kila mahali huenda njia ya mkojo inamuuma. Mpeleke kwa daktari kwanza. Na akishapona, usisahau kumbadilishia beseni, mchanga na mahali, kama ameonyesha kuliogopa la zamani.

Madoa. Mkojo wa paka ukikauka huacha chembe za asidi ya yuriki zisizotoka kwa maji na sabuni peke yake. Siku ya unyevunyevu harufu hurudi, naye hufuata harufu. Tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzymes, yaani viambato vinavyovunjavunja mabaki hayo), iache ilowe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usiifute haraka. Usitumie yenye amonia, inanuka karibu sawa na mkojo. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo, kwa kuwa vikikutana hutoa hewa ya sumu kwako na kwake. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli, nyingi katika zile zinazogeuka nyeupe ukizitia kwenye maji, ni sumu kwa paka hata kwa kulamba miguu iliyokanyaga sakafu, kwa hiyo beseni lake lisioshwe nazo. Doa likishasafishwa, weka bakuli lake la chakula hapo. Paka hapendi kuchafua mahali anapolia chakula.

Vitu vya kumtia majaribuni viondoe mapema. Mkeka wa bafuni uanikwe, nguo chafu zisilale sakafuni, mlango wa chumba cha kulala ufungwe, udongo wa vyungu vya maua ufunikwe kwa mawe. Mguu wa paka mdogo huzoea kile unachokikanyaga wakati wa haja, na akizoea kitambaa laini utakuwa na kazi ndefu ya kumrudisha kwenye mchanga.

Mengine ni ya tahadhari. Dume anayeingia na kutoka chooni mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, asisubiri kesho: mrija wake ni mwembamba, ukiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa mtoto mdogo anayeharisha, maji mwilini huisha haraka sana. Akilegea na kukataa kula, usimfanyie majaribio nyumbani. Usimpe paracetamol hata kipande, inaua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake, hasa yenye permethrin. Dawa ya minyoo huanza mapema, tangu wiki ya tatu hivi, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili akiwa mdogo, lakini kipimo apange daktari kwa uzito wake. Ahasiwe kabla hajafikisha miezi sita au karibu na hapo, kwani dume aliyebalehe huanza kunyunyiza mkojo ukutani kuweka alama, na hilo beseni jipya halilitibu. Ukihama, ukipata wageni, au ukileta paka mwingine, tarajia makosa machache na umrudishe kwenye chumba kimoja kwa muda. Ukisafiri, anayekuja kumwangalia aelekezwe habari za choo pia, asiachiwe maagizo ya chakula peke yake. Na siku ya kwenda kwa daktari, beba kinyesi kibichi cha siku hiyo hiyo kwenye chombo kinachofunga vizuri, uwe na jina la chakula anachokula na la mchanga anaoutumia, na kama umemwona akijikamua, mrekodi kwa simu ili daktari aone mwenyewe.