Kabla hujamkatia mzee tiketi ya bizinesi, kijue kiti

Tiketi ya bizinesi klasi ya safari ndefu wengi wetu hatuinunui kila mwaka. Unainunua mara moja, kwa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa mama anayekwenda kumwona mjukuu Ulaya, au kwa nafsi yako baada ya kukusanya pointi miaka na miaka. Ukikosea, umekosea kwa pesa nyingi na huna safari nyingine ya kujirekebishia. Mimi nilikosea, kwa hiyo nisikilize.

Mepesi kwanza. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi 6. Jina la kwenye tiketi lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi. Mzee asiyetembea vizuri aombewe kiti cha magurudumu siku ya kukata tiketi, si siku ya safari, hakilipiwi. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Haya unayajua, twende mbele.

Ukishaambiwa "bizinesi klasi" bado hujaambiwa utalala vipi. Jina hilo linakuahidi chakula kizuri zaidi, kilo za ziada na foleni fupi. Kiti ni habari nyingine. Kwa safari za ndani ya Ulaya, kwa mfano, kampuni nyingi zinakuuzia bizinesi ambayo ni kiti kilekile cha ekonomi, ila cha katikati kimeachwa wazi. Mzee anayebadilisha ndege Amsterdam kwenda Oslo asishangae.

Kwenye safari ndefu utakutana na viti vya aina tatu. Kuna kinachoegemea nyuma tu, kama kochi la sebuleni. Kuna kinachonyooka lakini kwa mteremko. Na kuna kinacholala flati kabisa, nyuzi 180, sambamba na sakafu. Hicho cha tatu British Airways walikiingiza bizinesi mwaka 2000, abiria wengine wakitazama mbele na wengine wakitazama mkia wa ndege ili vitanda viingiliane. Katika miaka iliyofuata kampuni kadhaa zilijibu kwa kile cha mteremko, maana kinakula nafasi ndogo na safu zinaongezeka. Kwenye matangazo vyote viwili viliitwa vitanda. Vya mteremko vimepungua sana sasa, lakini havijaisha, na hapo ndipo nilipoungulia.

Baba yangu ni seremala mstaafu, ana miaka 74 na mgongo wa mtu wa miaka 90. Dada yetu aliyeko Marekani alipojifungua, mzee akatangaza kwamba ataenda kumwona mjukuu wake hata kwa punda. Ndugu wanne tukachanga. Pesa ikatosha bizinesi ya mtu mmoja. Mimi wa kumsindikiza nikakaa ekonomi kule nyuma, jirani na choo. Tiketi nilizishughulikia mimi. Kwenye ukurasa wa kampuni kulikuwa na picha ya kiti kama kijichumba, kina kamlango ka kusogeza, kitanda kimenyooka kama meza, shuka jeupe. Nikampelekea mzee picha hiyo kwa WhatsApp. Akaiangalia, akasema hapo hata marehemu mama yenu angekubali kupanda ndege.

Ndege ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili ndiyo ilikuwa na saa 13. Saa nane usiku mhudumu akaja kunigusa bega: baba yako anakuita. Nikapita pazia. Taa zimezimwa, watu wanakoroma, na mzee wangu amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kiti, kikoi kimefunika magoti. Kiti chenyewe kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho, na kwa kukitazama sikuona kasoro. Nikajilaza. Dakika mbili tu nikaelewa. Kilikuwa kimenyooka, lakini kwa kuinama, kichwa juu na miguu chini, kama ubao ulioegemezwa kwenye ngazi. Mwili unateleza taratibu. Unajivuta juu, unateleza tena, mwishowe uzito wote unabebwa na magoti. Mzee alikuwa amehangaika sana. Mito miwili ameisokomeza mwisho wa kitanda, na mbele yake ameweka viatu vyake vyeusi vya Ijumaa, soli zikimtazama, apate pa kukanyaga asiteleze. Kabari, kwa lugha ya kazi yake.

Akaninong'oneza, "Hawa walipokitengeneza hiki hawakuwa na pimamaji?"

Tulipofika alilala chali siku mbili. Mzee alivuka bahari kumwona mjukuu, akaja kumbeba siku ya nne.

Niliandika barua ya malalamiko. Jibu likaja kwa adabu: ulinunua bizinesi, ukasafirishwa bizinesi. Na kisheria wana pa kusimamia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda abiria anayeshushwa daraja: ukilipa bizinesi ukawekwa ekonomi, kwa safari ndefu unarudishiwa asilimia 75 ya nauli ya kipande hicho. Lakini kupewa kiti cha kizamani ndani ya daraja lilelile si kushushwa. Picha ya kwenye ukurasa si mkataba.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kukata tiketi. Ramani ya viti ilionyesha kila safu ina viwili, viwili, viwili, korido zikiwatenganisha. Kijichumba kile cha pichani hupangwa kimoja, viwili, kimoja. Nilitazama rangi ya viti vilivyo wazi, nikachagua, nikafunga.

Kwa hiyo soma ramani. Moja-mbili-moja maana yake kila abiria anatoka kwenye korido bila kumruka mtu, na karibu kila mara kitanda ni flati. Mbili-mbili-mbili inaweza kuwa flati au mteremko, hapo uliza. Dreamliner za Kenya Airways, yaani Boeing 787, zimepangwa hivyo, viti 30, na vinalala flati, ila wa dirishani akitaka choo usiku itabidi aruke miguu ya aliyelala. Nairobi hadi New York, njia waliyoianza Oktoba 2018, ni kama saa 15. Hesabu mara ngapi mzee wa kibofu ataamka, kisha mkatie cha koridoni na uachane na mambo ya kuona mawingu. Mbili-tatu-mbili, kama kwenye zile Boeing 777 za Emirates ambazo hazijakarabatiwa, kuna mtu wa katikati. Ndiyo, bizinesi, na uko katikati.

Usiishie kuangalia mara moja. Kampuni moja inaweza kuwa na viti vya aina tatu, na ndege za aina moja zikatofautiana kwa ndani. Hata Qatar Airways, wenye vijichumba vya milango viitwavyo Qsuite tangu 2017, hawana Qsuite kwenye kila ndege. Kisha ndege hubadilishwa: iliyopangwa imeharibika, inaletwa nyingine. Angalia siku ya kukata, angalia tena wiki moja kabla, angalia siku ya chek-in. Namba ya kiti uliyochagua ikigeuka yenyewe, au ramani ikiwa na safu ambazo hazikuwepo, jua ndege imebadilika, piga simu siku hiyohiyo. Kabla ya safari kuna la kuongea. Ukishapaa umebaki na viatu vya Ijumaa. Na wakala akikwambia "zote zinalala", mwambie akutajie: nyuzi 180 au pungufu?

Hata flati kabisa ina yake, na hapa warefu na wanene wasogee karibu. Ili vitanda vingi vitoshee, wasanifu huvipachanisha: miguu yako inaingia kwenye kijisanduku kilicho chini ya meza ya aliye mbele yako. Kitanda kina urefu wa kama mita 2 lakini upande wa miguuni kinakuwa chembamba kama mtumbwi. Anayelala chali hataona shida. Anayelala kiubavu magoti yamekunjwa, atagonga. Mwenye goti lililotoka kufanyiwa upasuaji, au mguu uliovimba, atateseka. Dawa yake ni safu ya mbele kabisa, ile inayotazamana na ukuta. Kwenye mipangilio mingi hapo kijisanduku kinakuwa kipana, kwa kuwa mbele hakuna meza ya mtu ya kukibana. Ubaya wake ni kwamba vitanda vya watoto wachanga mara nyingi hutundikwa kwenye ukuta huohuo, na jiko la wahudumu linaweza kuwa nyuma yake. Chagua kelele au magoti. Mimi ningechagua magoti.

Usitegemee godoro la nyumbani. Kitanda hicho ni kiti kilichofunguliwa. Kina maungio, na moja litakaa kiunoni. Kampuni nyingine zina kigodoro chembamba cha kutandika juu. Kiombe mapema, visije vikaisha. Blanketi la ziada likunje uweke kwenye ungio.

Mkanda: kwenye viti vingi vya bizinesi ni mnene kwa sababu una mfuko wa hewa ndani. Anayebeba mtoto mapajani, au anayehitaji kipande cha kurefusha, aulize kabla, maana kuna viti asivyoruhusiwa.

Simu, tafadhali. Viti hivi vina mota na mianya, na simu hupenda kutumbukia humo ukiwa usingizini. Ikidumbukia, usiguse kitufe chochote, usijaribu kufungua kiti uione. Mwite mhudumu. Mwaka 2016, kwenye ndege ya Qantas, kampuni ya Australia, kutoka Sydney kwenda Los Angeles, simu ilisagwa na kiti cha bizinesi, betri ikawaka moto angani. Wahudumu waliuzima, lakini wewe usiwape kazi hiyo.

Mkikaa tu, mlango wa ndege haujafungwa, jaribu vitufe vyote: nyuma, mbele, miguu. Kikigoma, sema hapohapo wakati bado kuna uwezekano wa kuhamishwa. Mkishapaa, mhudumu ana namna ya kukilaza kwa mkono, ila ukitaka kukaa tena inabidi umwite tena. Mwonyeshe mzee kitufe cha kurudisha kiti wima, maana atakiulizia saa tisa usiku na wewe uko nyuma kule ekonomi umelala. Mwandikie namba ya kiti chako kwenye karatasi, aiweke mfukoni. Soksi ziwe za kubana kama daktari amesema. Anywe maji. Kitanda kisimdanganye akalala saa 10 mfululizo bila kusimama, atembee hata hadi choo na kurudi. Nguo pana. Kikoi kisikosekane.