Mtu wa hari au mtu wa baridi? Jipime kwanza kabla hujafunga begi

Kila ikifika Januari, kaskazi imeshika na foronya inaamka imerowa, utamsikia mtu barazani anasema keshachoka, akipata njia tu anahamia kwenye baridi, na pembeni yake kuna mwengine anamwambia wewe baridi huijui wewe, unaijua ya kwenye friji. Mie nishakuwa wote wawili hao kwa nyakati tofauti. Nimezaliwa Wete kule Pemba, nimeolewa Unguja, na katikati hapo nimekaa Mbeya miaka 2 kwa masomo, kwa hivo haya ya kwetu na ya Mbeya nimeyaona mwenyewe, ya London na Maskati nimeyapata kwa jamaa, na nyumba gani ya Zanzibar haina jamaa yake huko.

Kwanza usijipime kwa digrii, digrii zinadanganya. Unguja mwezi wa Februari mchana ni digrii 32, 33 hivi, mtu wa Dodoma ukimtajia atakucheka, lakini hewa yetu imejaa maji, jasho linatoka halikauki, na jasho linapoza mwili pale linapokauka, likiwa linachuruzika tu ushaloa bure na hari iko palepale. Baridi nayo vilevile, mtu anakwambia "digrii 10 tu" ukadhani si kitu, hujauliza kama nyumba ina hita au baridi ya nje ndo hiyohiyo ya ndani. Jipime kwa mambo 3: usingizi, maji na baraza.

Usingizi. Jiulize umeme ukikatika usiku wa Februari unafanya nini. Kuna watu feni ikizimika tu macho kodo, wanashuka kitandani wanalala sakafuni, asubuhi wana hasira na kila mtu, na kuna wengine hata hawajui kama umeme ulikatika. Upande wa baridi nako kuna mtu miguu ikishapoa hapati usingizi hata umfunike mablanketi 3. Mie ndo huyo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua digrii 6 hivi, sasa usiku wa Julai unashuka chini ya digrii 10, na chumba nilichopanga hakikuwa na hita wala nini, mwezi mzima nimelala na soksi jozi 2 na mtandio kichwani na bado saa 9 usiku niko macho nahesabu mbwa wanaobweka.

Maji. Hili ndo lililonimaliza. Unaamka alfajiri utie udhu, maji ya bomba kama yametoka barafuni, unaingiza mkono unautoa, unajiambia leo ntatayamamu, halafu unakumbuka maji yapo na afya unayo, basi unafumba macho unamimina. Hapa kwetu mtu anakoga mara 3 kwa siku na kila mara ni raha, kule nilikoga mara 1 na hiyo mara 1 ilitaka kwanza kikao. Wewe unayesema unapenda baridi chukua maji ya friji alfajiri ya kesho utie udhu nayo, wiki nzima, uone. Sifanyi mzaha, ndo kipimo rahisi kuliko vyote na hakina nauli.

Baraza. Watu wengi hili hawalifikirii kabisa. Baridi inafunga milango. Mbeya majirani walikuwa wema sana lakini saa 1 usiku kila mtu yuko ndani kwake, na mie nimezoea jioni kukaa mlangoni na wenzangu mpaka isha, tunachambua mchele na maneno, wanaume wako kwenye kahawa na bao, habari zote za mtaa unazipata bila kutafuta. Hii raha inatokana na hari jamani, ndani kunafukuta ndo tunatoka nje. Kama wewe mtu wa kimya, unapenda ndani, unapenda kulala mapema, baridi itakufaa sana kuliko mie. Kama ukikaa ndani siku 2 unaanza kuongea na sufuria, fikiri tena.

Ukitaka kujipima kwa kweli bila kumaliza akiba, nenda Lushoto. Ufike Tanga, gari mpaka Mombo, halafu unapanda mlima mpaka mita 1,400 hivi, na nenda Juni au Julai, usiende Disemba ukarudi unasema mbona poa tu. Kaa usiku 7, mahali pa kawaida, pasipo na maji ya moto ya bomba kama unaweza. Siku 2 za mwanzo kila mtu anafurahi, unapiga picha na sweta, kuanzia siku ya 4 ndo unajijua. Na kama kipupwe cha hapahapa Unguja, usiku digrii 22, wewe ushatafuta blanketi, jawabu lako ushalipata, nauli yako nunua samaki.

Haya, sasa tuseme umejipima umejikuta mtu wa baridi lakini huna pa kwenda, kazi iko Darajani na watoto wako skuli. Basi jifunze kukaa na hari, na hapa ntaongea sana mana ndo maisha yetu wengi.

Anza na nyumba. Bati tupu bila dari ni oveni, pesa ya kwanza ukiipata weka dari kabla hujafikiria esii, na uache matundu juu hewa ya moto itoke. Bati likipakwa rangi nyeupe linashika joto kidogo kuliko lililoota kutu. Madirisha yawe 2 yanayotazamana au karibu na hivo, dirisha 1 peke yake halivuti upepo hata likiwa kubwa kama mlango. Kama ndo kwanza unajenga, kumbuka kaskazi inatoka upande wa kaskazini mashariki na kusi inatoka kusini mashariki, kwa hivo upande wa mashariki ndo unaopata upepo misimu yote miwili, shida yake jua la asubuhi, hapo panda mwarobaini au weka kibaraza chenye kivuli. Wazee wa Mji Mkongwe walilijua hili, kuta nene za mawe na chokaa, ua katikati, vichochoro vyembamba jua halifiki chini. Lakini kuta nene zina lao, mchana zinakaa baridi na usiku zinatoa joto zilolimeza, ndo maana usiku madirisha yaachwe wazi (neti iwepo, mbu hawana likizo) na mchana wa jua kali mapazia yafungwe. Wengi tunafanya kinyume, mchana tunafungua kila kitu moto uingie, usiku tunafunga.

Feni haipozi chumba, inakausha jasho lako wewe, kwa hivo kuiacha inazunguka chumba hakina mtu ni kuchoma tukuza, yaani umeme wetu wa kununua kabla ya kutumia. Lowanisha kanga, ikamue, jifunike uso wa feni, utalala kama mtoto. Maji usimwage sakafuni chumba kimefungwa, unaongeza fukuto, mwagia uani na barazani jua likishaanza kulegea. Esii kama unayo weka 25 au 26 pamoja na feni ndogo, kuiweka 18 hakuharakishi kitu, inafanya kazi muda mrefu tu na tukuza linakwisha kabla ya mwezi.

Na usisahau ile miezi 3 ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haina umeme, na ilikuwa kaskazi yenyewe. Watu walihamia nje, mikeka uani, wengine juu ya mapaa, na ndo nikagundua wanaoteseka zaidi si wazee, ni sisi tulozoea feni tangu utoto. Kwa hivo hata kama una feni, siku mojamoja lala bila yake, mwili usisahau kazi.

Kunywa maji kabla hujaona kiu, ukienda haja ndogo ikawa na rangi ya chai ushachelewa. Dafu zuri, ukwaju mzuri, soda ya baridi inakata kiu dakika 5 tu. Chai ya moto saa 10 jioni barazani penye upepo inasaidia kwa sababu inakutoa jasho na upepo unalikausha, lakini chai hiyohiyo kwenye chumba kilichofungwa ni adhabu. Ramadhani siku hizi imeingia kwenye kaskazi, basi maji yagawe kidogokidogo tangu futari mpaka daku, usimeze lita 2 kwa mkupuo wakati wa daku ukadhani umeweka akiba. Kazi nzito ifanye kabla ya saa 4 asubuhi. Na mtu akianza kuweweseka, anasema maneno hayaeleweki, mwili umoto kama pasi, huyo si mchovu, mtoe kwenye jua, mvue nguo za juu, mmwagie maji na kumpepea huku mnatafuta gari ya hospitali, na kama hajitambui usimtie maji mdomoni.

Tatizo jengine ni la ndani ya ndoa. Mume wangu anataka feni namba 5 mwaka mzima hata kipupwe, mie nikilala nayo naamka shingo haigeuki. Tumegombana miaka. Dawa tuliyoipata ni ndogo ya aibu, yeye analala upande wa feni, mie upande wa ukuta, na kila mtu ana shuka lake. Shuka moja la watu wawili wa hali ya hewa tofauti ni vita.

Sasa wewe unayekwenda kwenye baridi kweli. Nguo usinunue koti moja kubwa ukadhani umemaliza, vaa tabaka, nyembamba inayobana mwili, juu yake sweta, juu kabisa kitu kinachozuia upepo. Pamba ikilowa jasho inakupoza, sufu haikutupi. Viatu vyenye nafasi, soksi zikibana damu haifiki vidoleni. Makoti ya mtumba ya Darajani ni bei ya chee mana hapa nani anayataka, ila ukienda Mbeya subiri ukanunue soko la Mwanjelwa, chaguo kubwa zaidi. Mafuta jipake mara tu ukitoka kukoga mwili bado una majimaji, midomo nayo, la sivyo itapasuka mpaka kucheka utaogopa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, miguuni, ndo iliyoniokoa mie.

Na hili tafadhali: jiko la mkaa usiliingize chumbani ukalala nalo. Ile hewa ya sumu haina harufu, haikuamshi, watu wanalala mazima. Ukiota moto, ota mlango wazi na jiko litoke kabla hujalala.

Ulaya ni jambo jengine, wanaonilalamikia wengi hawalalamiki baridi, wanalalamika kiza. London mwisho wa Disemba jua linatoka saa 2 asubuhi na saa 10 jioni haijafika lishazama, sisi tulozoea magharibi saa 12 na kitu mwaka mzima akili inachanganyikiwa. Toka nje ule mchana mfupi hata nusu saa, na uliza daktari habari za vitamini D, wenye ngozi kama zetu wanashauriwa kuimeza kule. Nyumba zina hita lakini hita ina bili, uliza bei kabla hujapanga chumba. Na usidhani umeikimbia hari moja kwa moja, Julai 2022 Uingereza ilipita digrii 40 na nyumba zile zimejengwa kushikilia joto, jamaa yangu alinipigia simu kuniuliza ile habari ya kanga iliyolowa.

Wa Omani nao wasijidai eti mie mtoto wa pwani hari naijua. Pale Quriyat Juni 2018 usiku mzima haukushuka chini ya digrii 42.6, usiku huo! Hapo feni inakupulizia moto, esii si anasa. Ukipata uhamisho wa Salala katikati ya mwaka shukuru, ule mnyunyizo na ukungu wao unaletwa na upepo wa bahari yetu hiihii, kusi ikishavuka ikweta inageuka inaenda kuwapoza wao.

Ukirudi nyumbani usijifanye hujaondoka. Mwili unataka wiki 1 mpaka 2 kuizoea hari tena, siku za mwanzo usipande mkarafuu saa 7 mchana kuonyesha watu kwamba bado u Mpemba. Na sweta usiligawe, boti ya Pemba ya usiku, juu kule, Julai kusi inavuma, utalitafuta.