Njia za folda za mtandao katika skripti za kujenga programu

Kwenye Windows, andika njia kamili, kama \\seva\matoleo, badala ya herufi ya diski kama Z:. Herufi hiyo ni ya kikao cha mtumiaji aliyeiunganisha; huduma inayoendesha ujenzi ina kikao chake na haiioni. Ndiyo maana skripti hukubali mezani kwako na kugoma kwenye seva.

Ruhusa zipewe akaunti ya huduma, si yako. Zipo za aina mbili, za folda iliyoshirikiwa na za NTFS (mfumo wa faili wa Windows), na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika.

Amri ya cd ndani ya cmd (dirisha la amri la Windows) haihamii kwenye njia ya mtandao. Tumia pushd "\\seva\matoleo", ambayo huchukua herufi ya muda kuanzia Z: kurudi nyuma, kisha popd iiachilie.

Kunakili ndiko kunakosumbua zaidi. Tumia robocopy, programu ya Windows ya kunakili folda:

robocopy "C:\kazi\tokeo" "\\seva\matoleo\toleo1" /E /R:3 /W:5
if %ERRORLEVEL% GEQ 8 exit /b 1
exit /b 0

Usiache /R (idadi ya kurudia) na /W (sekunde za kungoja). Bila hizo robocopy hurudia mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara, na ujenzi unaonekana umeganda. Robocopy ikimaliza huacha msimbo kwenye %ERRORLEVEL%: msimbo wa 1 maana yake faili zimenakiliwa salama. Kushindwa huanzia 8. Pia usimalizie njia kwa \ kabla ya alama ya kufunga nukuu: alama hiyo humezwa, na njia mbili husomwa kama moja.