Kabla hujabeba monita ya 4K, chungulia kwanza matundu ya laptopu yako

Wakuu, mtu akiamua kuhamia kwenye skrini kubwa cha kwanza anauliza inchi, nataka ya 27, nataka ya 32, na muuzaji naye anamjibu kwa inchi, wanaelewana, hela inatoka. Na mimi nilifanya hivyohivyo. Nilishuka Kariakoo nikachukua monita ya mtumba, inchi 27, 4K, yaani ile yenye nukta nyingi za picha, haina hata mkwaruzo, nikaipakata kwenye bajaji kama kichanga mpaka home, nachomeka waya wa picha wa HDMI, picha kali balaa ila kishale cha mausi kinatembea kama kimekanyaga ulimbo. Kesho yake nikarudi dukani nimevimba, jamaa wala hakubishana, akachomeka kwenye mashine yake, kishale kikateleza kama kimepakwa mafuta. Nikainywa aibu yangu nikabeba mzigo nikarudi nao.

Kumbe HDMI kwa macho tundu ni lile lile ila ndani zinatofautiana. Toleo la 1.4 likibeba 4K linaishia picha 30 kwa sekunde, na kishale kwenye 30 lazima kikere, mpaka 2.0 ndo unapata 60. Sasa laptopu nyingi za maofisini zinazoingia mtumba zina hiyo 1.4. Chukua ThinkPad T480, HDMI yake ni 1.4, ila pembeni ina USB-C inayotoa picha, kwa hiyo unatafuta waya wa USB-C kwenda DisplayPort, tundu jingine la picha lililopo kwenye monita nyingi, na 60 yako inakuja bila shida. EliteBook 840 G3 yenyewe haina HDMI kabisa, ina VGA, lile tundu la picha la kizamani, na DisplayPort, watu wanakimbilia VGA kwa sababu wameizoea wakati mwokozi yuko hapo hapo, lile tundu lililokatwa kona moja, DisplayPort 1.2 inabeba 4K kwa 60. VGA waachie wenye projekta. Halafu si kila USB-C inatoa picha, nyingine ni data na chaji tu, angalia pembeni kama ina alama ya radi ya Thunderbolt (sio ya chaji) au ile ya DisplayPort, usipoiona ingiza jina la modeli mtandaoni usome sifa zake kabla hujatoa hata mia. Vile viadapta vya bei chee vya kutoka DisplayPort kwenda HDMI navyo vingi vinaishia 4K kwa 30 au chini ya hapo, utalaumu monita bure kama mimi.

Ukishajua mashine yako inaweza nini ndo uje kwenye inchi, na inchi peke yake ni mtego. Cha kuhesabu ni nukta zinazounda picha: skrini ya 1080p (Full HD) ina kama milioni 2, QHD iliyo katikati milioni 3.7, 4K milioni 8.3. Ukitoka inchi 24 ya 1080p ukaenda 27 ya 1080p hujaongeza hata nukta moja, Excel ni ile ile, safu zile zile, herufi tu zimenenepa na kuanza kuonyesha meno. 27 ya QHD hapo kweli utaona safu zimeongezeka na herufi zinasomeka bila kugusa kitu. 27 ya 4K herufi zinakuwa sisimizi, utalazimika kukuza mpaka asilimia 150, na ukifika 150 nafasi ya kazi inarudi kuwa sawasawa na ya QHD, ulichopata ni ukali wa herufi. Macho yanashukuru sawa, ila kama shida yako ni nafasi basi ama uchukue QHD, ambayo hata HDMI 1.4 inaibeba kwa 60, ama upande 32 ya 4K ukuze asilimia 125. Binafsi kwa mtu wa mahesabu na maandishi namwambia QHD, 4K waachie wanaoediti picha na video. Wanaotumia TV ya inchi 43 nao siwacheki, inafanya kazi, ila ingia kwenye menyu yake uiweke hali ya PC la sivyo herufi zinakuwa na ukungu wa rangi na kingo za picha zinaliwa, na meza iwe pana maana kukaa karibu na lidude lile shingo itakuambia.

Dukani nenda na laptopu yako na waya wako. Weka skrini nzima nyeusi, halafu nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, utafute nukta iliyokufa au kona iliyoanza njano. Geuza nyuma usome umeme, iwe imeandikwa 100-240V, ikiandikwa 120 tu usichomeke kwenye umeme wetu. Mitumba mingi inakuja haina mguu, hiyo isikukimbize kama ina yale matundu manne ya skrubu, sentimita 10 kwa 10, breketi ya ukutani inaingia, mradi uikate kwenye bei.

Nyumbani ukichomeka bonyeza kulia kwenye desktop, Display settings, chagua ile iliyoandikwa recommended, shuka Advanced display uhakikishe ni 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, na si 30. Ikigoma kutoa 60 na waya ni sahihi, ingia menyu ya monita yenyewe, baadhi zina sehemu ya kuchagua toleo la DisplayPort na mwenye nayo wa kwanza aliiacha 1.1, weka 1.2. Mwangaza punguza, zinakuja zinawaka kama taa za uwanja. Dirisha liwe ubavuni kwako, sio mgongoni, na usichomeke moja kwa moja ukutani, pitishia kwenye gadi, kile kifaa cha kulinda vyombo, umeme wa kwetu ukikatika sawa, shida ni ule unaorudi kwa kishindo.